Ladha ya Embe Hupotea Siku ya Kuchuma

Kila Novemba maembe ya kwanza yanaposhuka sokoni, iwe Kariakoo, Kongowea au Darajani, malalamiko huwa yale yale: maembe ya siku hizi hayana ladha. Watu wazima hulikumbuka dodo la utotoni lililochuruzika maji mpaka kwenye kiwiko, boribo lililonukiza nyumba nzima, na sindano, lile dogo jembamba, ambalo mtoto alilibonyeza polepole mpaka likalainika lote, akalitoboa nchani kwa jino na kulifyonza hadi kokwa likabaki na nyuzi nyeupe. Leo wananunua embe kubwa la njano lenye wekundu shavuni, na wakilikata wanakuta nyama ngumu iliyopauka karibu na kokwa, au ulaini wa majimaji usio na utamu wala harufu. Lawama huenda kwenye mbegu za kisasa, mbolea na dawa. Wengine husema kilichokuwa kitamu ni utoto wenyewe.

Hoja ya utoto ina ukweli kidogo. Watoto hupenda utamu mkali kuliko watu wazima, na embe la msimu mmoja lililosubiriwa mwaka mzima lazima likae moyoni. Lakini hoja hiyo haielezi kwa nini dodo lililookotwa chini ya mwembe wa kijijini leo hii bado lina ladha ile ile, na dodo la aina hiyo hiyo lililosafirishwa hadi mjini halina. Mti ni uleule, mlaji ni yuleyule. Kilichobadilika ni tarehe ya kuchuma.

Ili kuelewa uzito wa tarehe hiyo ni lazima kujua embe linavyojijenga. Tangu ua lishike mpaka tunda likomae hupita miezi mitatu hadi minne, wakati mwingine zaidi, kutegemea aina na joto la mahali. Katika kipindi cha kwanza tunda linakuza umbo. Kokwa bado ni laini, kisu kinalipita bila shida. Katika wiki za mwisho umbo karibu linasimama, na anayelitazama kutoka chini haoni linalofanyika. Kumbe ndipo majani yanapopeleka sukari kwa wingi, na tunda linaihifadhi kama wanga. Kokwa linakuwa gumu, nyama ya karibu nalo inaanza kugeuka manjano, na uzito wa ndani unaongezeka kuliko ukubwa wa nje.

Embe likishachumwa halipokei tena chochote. Likiwa limekomaa, wanga ule hugeuka sukari ndani ya siku nne hadi nane, uchachu unashuka, na harufu inazaliwa. Likiwa limechumwa wiki tatu kabla ya wakati, litalainika na ganda litapoteza ukijani, kwa hiyo kwa macho litakuwa limeiva. Sukari ndiyo haitakuwepo, maana wanga wa kugeuka sukari haukuwahi kuwekwa. Kwa kipimo cha Brix, ambacho ndicho wanunuzi wa viwandani hutumia kupima utamu, embe zuri lililoiva huwa kati ya 15 na 20. Lile lililochumwa changa huweza kubaki chini ya 12 hata ukilivundika kwa ustadi wote. Harufu nayo hufuata njia hiyo hiyo. Ile harufu ya utomvu, ya ukali kama tapentaini, ipo tangu tunda likiwa changa; harufu tamu inayoijaza nyumba hutengenezwa mwishoni, na hutengenezwa vizuri na tunda lililokomaa tu.

Sasa tukumbuke watoto walikuwa wakila embe gani. Walikula la kuokota. Waliamka alfajiri kuwahi yaliyoanguka usiku, au yaliyoachwa na popo baada ya kung'atwa upande mmoja. Embe lililoanguka lenyewe limechaguliwa na mti: limemaliza kazi, kikonyo kimelegea, likaachiwa. Wale watoto hawakuhitaji ujuzi wowote wa kupima ukomavu, mti uliwapimia moja baada ya jingine kwa wiki nyingi mfululizo. Hakuna soko linaloweza kuuza tunda la namna hiyo, kwa sababu embe lililoivia mtini halivumilii safari ya lori ya siku mbili. Lakini kati ya embe lililoivia mtini na embe changa kuna embe lililokomaa likiwa bado gumu, na hilo husafiri vizuri sana. Hilo ndilo tunalonyimwa.

Tunanyimwa kwa sababu za kibiashara zinazoeleweka. Embe la kwanza sokoni lina bei nzuri kuliko embe la katikati ya msimu, ambapo ndoo nzima huuzwa kwa bei ya kutupa. Mkulima anayehitaji ada ya shule ya Januari hawezi kulaumiwa kwa kuuza mapema. Pia kuna utaratibu wa kuuza mti mzima: mchuuzi anakuja matunda yakiwa madogo, anakubaliana bei ya mti, kisha analeta wachumaji siku moja. Mwembe hautoi maua yote kwa pamoja. Hutoa kwa awamu mbili au tatu zilizopishana wiki kadhaa, na mti mmoja kwa hiyo hubeba matunda ya rika tofauti. Wachumaji wa siku moja wanaangusha rika zote, mengi yakipigwa kwa fimbo na kudondoka chini. Ndani ya tenga moja utapata embe lililokomaa, la kati na kachanga kabisa, na yote yatatiwa rangi kwa pamoja. Mteja anayenunua manne na kupata mawili matamu na mawili kama karatasi amekula matokeo ya mkataba huo.

Sababu nyingine huzungumzwa kidogo mjini, lakini mkulima anaijua vizuri: nzi wa matunda. Mwaka 2003 iligunduliwa katika pwani ya Kenya, na mwaka huo huo Tanzania, aina ya nzi kutoka Asia ambaye leo wataalamu wanamwita Bactrocera dorsalis. Jike hutoboa ganda la embe linalokaribia kukomaa na kutaga mayai ndani. Baada ya siku chache funza wanakula nyama, tunda linaoza kutoka ndani na kuanguka, funza wanaingia udongoni sentimita chache tu na kutoka tena wakiwa nzi. Jike mmoja huweza kutaga mayai zaidi ya elfu moja maishani mwake. Kenya ilifikia hatua ya kusimamisha yenyewe upelekaji wa maembe Ulaya mwaka 2014 kwa sababu ya nzi huyu, na kufungua tena mwaka 2021. Kwa mkulima mdogo hesabu ni rahisi: nzi anapenda embe lile lile ambalo mlaji anapenda, lililokomaa. Kila wiki anayoliacha mtini anaweka hatarini zao lote. Anachuma kijani, anaokoa pesa, na ladha inabaki kwenye wiki tatu ambazo hazikusubiriwa.

Hapo ndipo kabaidi inapoingia. Ni vile vipande vya mawe ya kijivu vinavyotumiwa na mafundi wa kuchomelea vyuma kupata gesi. Hufungwa kwenye karatasi na kufukiwa katikati ya matenga. Unyevunyevu wa matunda ukiifikia, hutoa gesi ya asetilini inayoiga ethilini, gesi ya asili ambayo tunda hujitengenezea ili liive. Ndani ya siku moja au mbili ganda lote linakuwa la njano. Kabaidi ya viwandani huwa na mabaki ya aseniki na fosforasi, ambayo ni sumu, na India imeipiga marufuku kwenye matunda kwa miaka mingi. Kwa upande wa ladha, ubaya wake ni kwamba inawezesha udanganyifu: inatoa rangi ya ukomavu kwa tunda ambalo halina wanga wa kugeuza. Embe lililotiwa kabaidi mara nyingi hujulikana kwa unjano uliosambaa sawasawa kupita kiasi, ugumu unaobaki karibu na kikonyo, na nyama nyeupe chachu kuzunguka kokwa. Ethilini yenyewe, ikitumiwa kwenye chumba maalumu kwa kiwango cha sehemu 100 katika milioni na joto la nyuzi 20 hadi 22, ni njia halali na salama. Nayo pia haimfufui embe kachanga.

Vipi kuhusu mbegu za kisasa? Hapa lazima tutenganishe. Tommy Atkins, aina ya embe la biashara, inastahili lawama. Ilitoka kwenye kokwa la aina nyingine, Haden, huko Florida, na wajuzi wa maembe wa jimbo hilo waliikataa kwa sababu ya nyuzi zake na ladha yake ya kawaida. Wakulima wa biashara waliichukua hata hivyo kwa sababu ina rangi nzuri, inastahimili ukungu, na inakaa muda mrefu baada ya kuchumwa, na kwa miaka mingi ndiyo iliyojaza maduka ya Ulaya na Marekani. Lakini embe linaloitwa Apple, ambalo wengi wetu wanalisingizia, ni letu. Lilianzia karibu na Malindi, halina nyuzi, na likikomaa ni tamu sana. Kent na Keitt nazo, zilizotokea Florida, zikiachwa zikomae ni maembe ya heshima. Tatizo la aina hizi ni kwamba huanza kuwa kubwa na nyekundu mapema. Wekundu wa shavu huletwa na jua, hauhusiani na ukomavu, na embe lililokaa upande wa jua huweza kuwa jekundu likiwa bado mwezi mzima nyuma. Dodo la kijani halikuwa na uwongo huo.

Dodo lenyewe nalo si kitu kimoja. Miembe mingi ya zamani, ile ya pwani na ile iliyoota kwenye njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, iliota kwa kokwa. Baadhi ya maembe yana kokwa linalotoa machipukizi mawili, matatu au zaidi, na mengi kati ya hayo hurithi mama yao kabisa. Mengine hutoa chipukizi moja tu, na hilo ni mtoto wa wazazi wawili: huweza kuwa tamu kuliko mama, au likawa na nyuzi na ukali usiolika. Ndiyo maana maembe mawili yenye jina moja, kutoka uani kwa jirani wawili, huweza kuwa tofauti kabisa. Anayesema dodo la utotoni halipo tena, mara nyingi anakumbuka mti mmoja mahususi ambao pengine umeshakatwa kwa mbao, mtumbwi au kuni za kuchomea matofali. Hiyo ni hasara ya kweli, na tutarejea kwake mwishoni.

Embe bichi ni jambo jingine na lisiingizwe kwenye kesi hii. Embe kachanga lenye chumvi na pilipili, au lililotiwa kwenye achari, lina haki yake. Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alipofika Mogadishu mwaka 1331, alieleza maembe mabichi yaliyohifadhiwa kwa siki na kuliwa pamoja na wali. Karne saba tumekuwa tukijua kwamba embe bichi lina kazi yake na bivu lina yake. Kosa la soko la leo ni kuuza la kwanza kwa rangi ya la pili.

Mnunuzi ana njia za kujilinda. Acha rangi, tazama mabega. Embe lililokomaa mabega yake hupanda juu ya shina la kikonyo, kikonyo kikakaa kwenye kishimo. Kachanga lina mabega yaliyoteremka na kikonyo kimesimama juu. Mashavu yawe yamejaa, hasa upande wa tumbo. Vidoa vidogo vya ganda viwe vimetanuka na kupauka. Ukinunua mengi, mwombe muuzaji alikate moja: nyama iliyozunguka kokwa iwe imeanza kugeuka manjano, na kokwa likatae kisu. Nyumbani kuna kipimo cha ndoo. Tia maembe mabichi kwenye maji: yaliyokomaa huzama, yanayoelea hayajakomaa. Aina nyingine hudanganya kidogo, lakini kipimo hiki kinasaidia kuliko kubonyeza, na kubonyeza huharibu tunda la mwenzako.

Yaliyozama yavundike. Yapange kwenye tenga au boksi la karatasi, safu moja au mbili tu, kikonyo kikitazama chini, katikati ukiweka gazeti au majani makavu ya mgomba. Ndizi mbivu moja au mbili kwa maembe kumi hutosha kuyaharakisha, kwa kuwa nazo hutoa ethilini. Usifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa. Tunda linahitaji kupumua, likikosa hewa linachacha na kunuka pombe. Chumba kiwe na kivuli. Joto la nyuzi 20 hadi 25 ndilo bora. Kwenye nyumba za pwani, nyuzi 28 au 30, maembe huiva haraka zaidi na bado hutoka vizuri. Chini ya bati la moto, juu ya nyuzi 35, ganda huiva kwa mabaka na nyama hubaki chachu. Yageuze kila siku na utoe lenye doa jeusi linaloenea, huo ni ukungu na huambukiza. Mwenye kipimajoto anaweza kuyatumbukiza kwanza kwenye maji ya nyuzi 52 kwa dakika tano na kuyakausha. Hilo hupunguza ukungu sana, ila maji yakizidi hapo yanalichemsha ganda.

Friji ndiyo muuaji wa mwisho. Embe ambalo halijaiva likiwekwa chini ya nyuzi 12 au 13 hupata ugonjwa wa baridi: ganda huwa la kijivu, linakataa kuiva na harufu haizaliwi tena. Likishaiva, siku mbili tatu ndani ya friji hazina ubaya mkubwa, lakini litoe saa moja kabla ya kulila, maana harufu ya embe baridi haifiki puani.

Kwa Waswahili walioko Marekani, ugumu huongezwa na sheria za kuzuia nzi wa matunda. Maembe mengi kutoka Mexico na nchi za Amerika ya Kusini hutumbukizwa kwenye maji ya nyuzi 46 kwa dakika 65 hadi 110 kulingana na uzito, kisha hupozwa na kusafirishwa. Lililochumwa changa huumia zaidi na mateso hayo. Afadhali kuiacha Tommy Atkins na kutafuta Ataulfo, lile dogo la njano, na kusubiri mpaka ganda lianze kukunjamana kabla ya kulikata. Aliyeko Uingereza ana bahati zaidi, maduka ya Wahindi na Wapakistani huleta Alphonso kuanzia Aprili na Chaunsa Julai na Agosti.

Huku kwetu, mkulima atasubiri zile wiki tatu ikiwa tu nzi atadhibitiwa na bei itazilipa. Nzi anadhibitika bila gharama kubwa. Maembe yote yaliyoanguka yaokotwe angalau mara mbili kwa wiki na kufukiwa shimo la zaidi ya nusu mita, au kufungwa kwenye mfuko mweusi wa plastiki na kuachwa juani siku kadhaa. Kuyaacha chini ya mti ni kufuga nzi wa wiki ijayo. Mitego yenye dawa ya kuvutia madume hutundikwa kivulini, na husaidia zaidi majirani wakiweka kwa pamoja, kwa kuwa nzi huruka mbali. Wale chungu maji moto wanaoshona majani na kuwang'ata wapanda miti ni walinzi wazuri, wanawafukuza nzi wasitage. Kuwapulizia dawa wote ni kujinyima msaada wa bure. Na mchumaji akate tunda likiwa na kikonyo cha sentimita moja au mbili, aligeuze kichwa chini nusu saa utomvu umalizike, la sivyo utomvu unachoma ganda na kuacha michirizi myeusi.

Bei ndiyo kazi ngumu. Soko letu linalipa ukubwa na rangi, kwa hiyo linapata ukubwa na rangi. Hoteli, wauza juisi na wenye magenge wanaonunua kwa wingi wana nguvu ya kuanza: wakatae tenga lenye rika mchanganyiko, walipe zaidi kwa tenga lililochumwa kwa awamu mbili au tatu. Kipimo cha Brix cha mkononi kinatosha mfukoni na hakihitaji chochote zaidi ya matone mawili ya maji ya embe.

Na kwa ule mti mmoja wa utotoni ambao bado umesimama, kuna la kufanya msimu huu huu. Toa ganda gumu la kokwa la embe lolote la kienyeji, panda mbegu ya ndani mapema, kwa kuwa ikikaa wiki chache hufa, upande wenye mgongo ukitazama juu. Mche ukifikia unene wa penseli ndio wa kubebeshea, yaani wa kupachikia kitawi cha mti ule unaoutaka. Kwenye mti wenyewe chagua vitawi vya unene huo huo, vya urefu wa sentimita 10 hadi 15, visivyo na maua wala majani mapya mororo. Siku saba hadi kumi kabla ya kuvikata, ondoa majani yake na kuacha vijiti vya majani tu. Jicho la nchani litavimba. Kata mche kwenye kimo cha sentimita 20, upasue katikati, chonga kitawi pande zote mbili kwa sentimita 3 hadi 4 na ukipachike, ngozi ya kijani ya upande mmoja ikigusana barabara na ngozi ya mche. Funga kwa utepe wa plastiki na ukifunike kwa kifuko kidogo, weka kivulini. Vingi hufa kwa sababu ya kisu butu, maji yaliyoingia kwenye jeraha, au ngozi zilizopishana. Vilivyoshika huchipua baada ya wiki tatu au nne, na huzaa katika mwaka wa tatu au wa nne. Ikitokea mti umeshaangushwa asubuhi hii kwa msumeno, vitawi vyake bado viko hai: vikate leo, ondoa majani, vifunge kwenye kitambaa chenye unyevu na mfuko wa plastiki, na una siku mbili tatu za kutafuta miche.